Kofia Nyeupe Niliyoisifia Maua

Kagarama, Kigali

Mke wangu Mama Idrisa,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute Ujiji, na nikisema Ujiji nina maana ndani ya nyumba yetu, si Kasulu kwa baba yako. Nimempa Mama Shani wa mawese mkononi, na nimemwapisha asiisahau chini ya madumu yake. Kama umeshafunga mizigo, basi kaa juu ya mizigo hiyohiyo usome. Ukifika mwisho na bado unataka kwenda kwenu, sitakuwa na neno la kukuzuia.

Hujambo wewe? Kiuno kimepoa? Idrisa bado anawaambia wenzake shuleni kwamba baba yake ndiye anayetengeneza simu zote za Rwanda? Mwache aseme, iko siku atajua. Na Mama, goti lake linampa nafuu, au bado anapanda kitandani kwa kunung'unika? Mimi mwili hauna shida. Nakula, nalala, naamka. Nilicho nacho ni uchovu, na uchovu wenyewe umekaa machoni. Kila utakalosoma humu ni habari ya macho, kwa hiyo vumilia.

Utaona nimeandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usicheke. Daktari amenikataza kioo cha simu na vioo vyote kwa muda, na kuandika kwenyewe naandika mstari mmoja, nanyanyua uso, naangalia mlima wa ng'ambo, narudi. Ungeweza kusema, si ungepiga tu tuzungumze? Nimepiga, mke wangu. Hupokei. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mpaka nikaukariri: "Baba Idrisa, usinipigie mpaka uwe na neno la kweli. Maneno ya simu yamenichosha." Haya, hata mimi yamenichosha. Neno la kweli ninalo, nalo nimeona halifai kupita kwenye simu, kwa sababu simu ndiyo iliyotugombanisha.

Kwanza nikueleze kazi yangu ilivyo, maana naona sijawahi kukueleza sawasawa. Ulipokuwa ukiniuliza nilikuwa nakujibu "mimi ni fundi simu", ukaridhika. Ukweli ni kwamba sigusi bisibisi siku hizi. Pale Gisimenti tunapokea simu zilizopasuka vioo. Wenzangu wanabandua kioo kilichovunjika, wanabandika kipya, halafu simu inaletwa kwangu niikague kabla haijarudi dukani. Naiwasha nyeupe tupu, hakuna picha wala maandishi, nyeupe pe, halafu natafuta. Natafuta nukta iliyokufa, ndogo kuliko punje ya ulezi. Natafuta doa, mstari, kivuli pembeni. Nikimaliza nyeupe naleta nyekundu, kijani, buluu, nyeusi. Kisha naweka chini nachukua nyingine. Nikikosea, mteja anaiona yeye, na simu inarudi na matusi juu yake. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kutoka asubuhi mpaka jioni, mke wangu. Kutafuta doa kwenye nyeupe.

Mwanzoni nilijivuna. Bosi aliniita "macho ya mwewe" mbele ya watu. Kisha vikaanza kuja vioo hivi vipya, vizuri, nyeusi yake nyeusi kweli na rangi zake kama nguo ya sikukuu. Nikaona kila nikitoka kazini kichwa kinanigonga juu ya nyusi, na macho yanawasha kama nimeyapitishia mkono wa pilipili. Nikapunguza mwanga wa kioo nikidhani napumzika. Ikawa vibaya zaidi. Nikasema labda nimerogwa, na usinicheke, mtu akiwa mbali na kwao huwaza mengi.

Aliyenifumbua ni Ange. Huyu ni dada anayekaa meza ya pili, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki, ana mume na watoto, nakuambia mapema kabla hujauliza. Alinikuta nimefunika uso kwa viganja.

"Masudi, wewe iko na macho ya nyanya," akaniambia. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Akachukua simu mpya, akapunguza mwanga wake, akashika kalamu akaitikisa upesi mbele ya kioo.

"Ona. Karamu iko ngapi?"

"Moja," nikasema.

"Oya, hapana, angalia muzuri."

Nikaangalia. Mama Idrisa, nikaona kalamu nyingi, zimepangana kama meno ya kitana. Akapeleka kalamu mbele ya simu moja ya zamani, akaitikisa vilevile, nikaona ukungu mmoja tu, bila meno.

"Hii mupya inazima na kuwaka, inazima na kuwaka," Ange akasema. "Jicho yako haioni, lakini inachoka. Kama mutu anakukonyeza siku muzima. Ihangane."

Ihangane ni pole ya huku, ina maana vumilia. Nikavumilia. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu wahenga wametuonya, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ungekuwa wewe ungemwambiaje bosi? Mkaguzi wa vioo mwenye macho mabovu ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Nikaogopa kupoteza kiti changu. Nikanunua miwani nyeusi kwa wachuuzi, nikawa naivaa nikitoka kazini, maana jua la jioni lilikuwa likinichoma.

Sasa tufike kwa shemeji Kasimu. Namheshimu kaka yako, na najua alichokuambia alikiona kwa macho yake. Aliniona Gisimenti, natoka mlango wa baa, nimevaa miwani nyeusi, natembea polepole nikishika ukuta, na akaniita jina nikampita kama mti. Yote hayo ni kweli. Ila hakuuliza. Karakana yetu iko juu ya baa, ngazi ni moja, mlango ni mmoja. Anayepanda kutengeneza vioo na anayeingia kunywa wanapita pamoja, na mimi harufu ya nyama choma naisikia kila siku bila kuionja. Nilishika ukuta kwa sababu nikitoka kwenye vioo, ngazi zilikuwa zinanijia mbili mbili. Na sauti yake niliisikia, lakini ng'ambo ya barabara niliona watu kama wamefunikwa na maji, sikumjua ni yupi. Nikadhani anaitwa Masudi mwingine, huku wako wengi. Mwambie shemeji anisamehe. Na wewe ukinijibu "lisemwalo lipo", nitakubali, lipo, ila silo hilo.

Tena ile ya kukata picha. Kila ulipopiga simu ya video nilisema mtandao mbaya, tuzungumze sauti tu. Mtandao ulikuwa mzuri. Sikutaka uone macho. Siku moja uliyaona kidogo kabla sijazima, ukaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeanza kuvuta bangi. Nilikasirika nikakukatia simu. Nilikasirika bure. Mwanamke aliyeachwa na mtoto na mama mkwe, akaona macho ya mumewe mekundu kama yale, angewaza nini? Angewaza pilipili?

Lakini najua si Kasimu, wala si video, aliyekufungisha mizigo. Ni kofia.

Hiyo uliyonishonea ilinifikia kazini, mchana, nikiwa katikati ya rundo la simu. Nilikuwa nimekaa na nyeupe tangu asubuhi. Ukapiga hapohapo, kana kwamba ulikuwa umehesabu hatua za aliyeileta. Nikafungua karatasi nikiwa nimeshika simu begani, nikaitoa kofia, nikaiona nyeupe. Nyeupe tu, Mama Idrisa. Kitambaa cheupe, uzi mweupe, na macho yangu yameshiba nyeupe hayataki tena. Niliona duara na ukingo, basi. Nikakisia. Nikajiambia, kofia gani ya mkono haina maua? Nikasema kwa sauti ya furaha, "Asante sana mke wangu, maua yake yamekaa vizuri kweli."

Nikasikia sauti ya Mama kwa nyuma. "Maua?"

Wewe ukasema, "Haya."

Neno hilo moja, halafu simu ikakatika. Nikajiuliza, kwani nimesema nini? Nilidhani Mama alikuwa amepita tu hapo na shughuli zake. Sikujua kwamba mlikuwa mmekaa pamoja mkinisubiri.

Baada ya hapo hukupokea tena. Ukaja ule ujumbe wa neno la kweli, na Mama Shani akaniletea habari kwamba unasema utarudi kwa baba yako, kwa kuwa mume uliyeolewa naye hayupo hata akiwapo.

Nilikwenda kwa daktari wa macho Kicukiro. Ange alinisukuma, alisema nisipoenda atamwambia bosi yeye mwenyewe. Daktari ni mama kijana, naye amekulia Burundi, Kiswahili chake cha kule. Akaniweka kidevu kwenye chuma, akaniangalia kwa taa yake muda mrefu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akacheka kidogo kwa huruma.

"Weye unaangaliaka bila kupepesa," akasema. "Mutu akitafuta kitu kidogo sana anasahau kupepesa. Macho yako hayajakufa, baba. Yamekauka. Machozi yamekuisha."

Akaniambia pia jicho moja linahitaji miwani ya kweli, si ile nyeusi ya barabarani, na kwamba miaka yote nimekuwa nikilibeba kwa nguvu. Niache vioo nipumzike, na nikirudi niwe nanyanyua uso kuangalia mbali kila mara. Halafu akanipa kichupa kidogo. Dawa yenyewe nayo ni machozi! Machozi ya chupani, unayatia jichoni kama unamwagilia mchicha. Nilitoka pale nikicheka peke yangu. Nilikuja Kigali kutafuta, nikafikia kutafuta hata machozi.

Bosi nimemwambia yote. Hakunifukuza, lakini "macho ya mwewe" hajaniita tena. Kiti changu amekaa Ange, na sasa ninamwonea huruma yeye, maana nimemwona anavyokunja uso.

Basi nikawa nashinda Kagarama, kwenye chumba changu, sina simu mkononi, sina la kufanya. Kama hujawahi kukaa bila kazi ugenini huwezi kujua mchana ulivyo mrefu. Nasikiliza mvua. Nasikiliza majirani wakizungumza Kinyarwanda nisichokielewa nusu yake. Nakuwaza wewe, kisha nachoka kukuwaza, kisha naanza tena.

Mwenye nyumba wangu ni Mama Zaituni, mshonaji. Babu yake alikuja huku zamani na wafanyabiashara wa vitambaa kutoka pwani, na ingawa yeye pwani hajaiona, akisikia Kiswahili changu hufurahi kama ametembelewa na ndugu. Jumamosi ya umuganda, ile ambayo mtaa mzima hutoka kufyeka na kusafisha mitaro na maduka hufungwa, tulirudi na majembe yetu tukakaa kibarazani kwake. Nilikuwa nimevaa kofia yako. Akaniangalia sana.

"Masudi, leta hiyo kofia nione."

Nikampa. Akaigeuza kwenye jua, akapitisha kidole gumba pembeni, taratibu, akaguna.

"Nani alishona hii?"

"Mke wangu."

"Huyo mwanamuke iko na mikono. Mimi niko na cherehani miaka yote, hii siwezi. Angalia tobo zake, zote iko sawasawa. Hii ni kazi ya mwezi mingi."

"Maua yake mazuri, eh?" nikasema, ili na mimi nionekane najua.

Mama Zaituni akanitazama kama unavyonitazama wewe nikirudi sokoni na samaki aliyelala.

"Maua gani? Hapa hapana ua hata moja."

Nikachukua kofia nikaisogeza karibu na pua. Nyeupe. Nikaiweka mbali. Nyeupe. Sasa nilielewa lile "Haya" lako, ingawa bado sikujua nimekosea wapi. Mama Zaituni akaona ninavyohangaika. Hakunicheka.

"Acha macho," akasema. "Macho iko mugonjwa. Funga. Shika na vidole."

Nikafumba macho nikashika.

Mama Idrisa, sijui nikuandikieje hapa. Vidole vilipita ukingoni, vikakuta meno, juu, chini, juu, chini, meno ya msumeno. Juu yake kamstari kamoja kalikoinuka. Halafu vikakuta nyota, ndogo, zimepishana, tobo katikati ya kila nyota. Na kabla akili haijaniambia, mikono ilikuwa imeshajua. Nilikuwa mdogo kuliko Idrisa, niko mabegani kwa marehemu baba, asubuhi ya Idi, tunakwenda kuswali, na mimi sijashika kichwa, nimeshika kofia. Nimeishika kwa vidole vyote kumi kwa sababu naogopa kuanguka. Naye anasema, "Utaniharibia kofia wewe, shika masikio." Sikushika masikio. Nilikuwa napapasa zile nyota njia nzima.

Ile kofia alishonewa na bibi. Ilikuwa sandukuni kwa Mama, imeliwa na mende, hata kuivaa haivaliki. Na wewe uliitoa, ukaifuata tobo kwa tobo, miezi yote ile uliyokuwa ukiniambia "nashona kidogo kidogo, usiulize". Uliirudisha kofia ya baba. Mkakaa wewe na Mama, mkasubiri nifungue, mkasubiri niseme jina lake. Nami nikasifia maua.

Nililia, mke wangu. Nililia pale kibarazani mbele ya mwanamke wa watu, na majembe ya umuganda yameegemea ukuta, na majirani wanapita wananipa pole bila kujua ya nini. Nililia mpaka kamasi. Mama Zaituni akanipa kitambaa, akasema, "Wacha itoke." Nilipoingia ndani nikakiona kile kichupa juu ya sanduku, nikakumbuka kwamba saa ya dawa ilikuwa imepita. Siku ile sikutia.

Sasa umelisikia neno langu la kweli. Sinywi, sivuti, sina mtu huku. Nilikuwa sioni, nikaogopa kusema sioni. Nimemwomba bosi anipeleke meza ya kubandika vioo, kazi ya gundi na vidole, na amekubali nijaribu nikishapata nafuu. Mikono yangu bado inaona. Miwani ya kweli nayo inakuja. Nikikaa nayo vizuri, kitu cha kwanza nitakachokiangalia kwa macho mawili ni hizo nyota, halafu nitapanda basi nije nikuangalie wewe.

Usiende Kasulu. Ukitaka kuninunia, ninunie ukiwa nyumbani, nimekuzoea. Lakini usinijibu kwa ujumbe wa simu. Mpe Mama Shani mstari mmoja tu wa kalamu, hata ukiwa wa matusi, andika kubwa nitausoma.

Nisalimie shemeji Kasimu, mwambie akipita tena Gisimenti asiniite kutoka ng'ambo, aje anishike bega. Msalimie baba mkwe na mama mkwe, lakini kwa simu, usiwafuate. Msalimie jirani yetu Bi Mwanne anayekusaidia kuteka maji. Idrisa mwambie baba hatengenezi simu zote za Rwanda, anatengeneza chache tu, na anamkumbuka. Mama Zaituni anakusalimu, anasema ukija huku atakuachia cherehani yake ukae wewe, yeye atazame.

Na Mama, msomee barua hii yote, ila polepole pale penye kofia. Akiuliza, mwambie nimeijua. Mwambie niliijua kwa vidole, kama zamani, na sikushika masikio.

Mumeo,
Masudi, Baba Idrisa